Mtu, munhu, mũndũ: nazali na vipasuo sighuna katika Kiswahili na lugha za Uluguru

Sauti mbili zinazotamkiwa mahali pamoja kinywani hazikai jirani kwa muda mrefu bila kuathiriana. Huweza kufanana zaidi, na mabadiliko hayo huitwa usilimisho. Moja huweza kumezwa na nyingine. Na zinapokuwa zimefanana kupita kiasi, lugha huweza kuzitenganisha kwa kuibadilisha mojawapo. Makala hii inashughulikia jozi moja tu ya majirani wa aina hiyo, yaani nazali (m, n, ng') inayofuatwa na kipasuo sighuna (p, t, k). Jozi hiyo imechaguliwa kwa sababu inaeleza mambo mengi ambayo wanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kama vighairi vya kukariri, na kwa sababu historia yake inaonekana waziwazi kwa mtu anayefuata mkondo wa mto Ruvu kutoka milima ya Uluguru hadi pwani ya Bagamoyo.

Neno la kuanzia ni mtu. Katika Mame Bantu shina la neno hili hurejelewa kama *-ntʊ, na kwa kiambishi awali cha ngeli ya kwanza tunapata *mʊ-ntʊ. Luganda limeihifadhi jozi hiyo karibu kama ilivyokuwa: omuntu, wingi abantu. Gĩkũyũ kimeifanya t ighune kwa kuambukizwa mghuno wa n iliyoitangulia, hivyo mũndũ, andũ. Kisukuma na Kinyamwezi vinasema munhu, banhu. Kigogo, Kikaguru, Kikutu na Kizaramo vinasema munhu, wanhu. Kiswahili kinasema mtu, watu.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana katika majibu ya mitihani, nalo linafaa kuondolewa mapema. Wanafunzi wengi hudhani kwamba m ya mtu ndiyo nazali ya -ntu iliyobadilika kidogo. Sivyo. M ya mtu ni mabaki ya kiambishi mu- kilichopoteza irabu yake, kama katika mlima, mti na mkate. Nazali ya shina, ile n iliyokuwa mbele ya t, imetoweka kabisa katika Kiswahili. Ushahidi ni wingi wake: tunasema watu, wala hatusemi *wantu. Kitu kina historia hiyohiyo: ki- na -ntu, nazali imekwenda, t imebaki.

Je, n ilitoweka bila kuacha alama? Msikilize kwa makini mzungumzaji wa Kiswahili cha pwani anapotamka mtu, kisha mto. T ya mtu hufuatwa na pumzi inayosikika. T ya mto haina pumzi hiyo. Pumzi hiyo, ambayo katika fonetiki huitwa mpumuo, ndiyo alama iliyoachwa na nazali. Tutairudia baada ya kupanda mlimani.

Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, hupata sehemu kubwa ya maji yake katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, kiasi cha kilomita 190 magharibi mwa jiji hilo. Jina la mto huo limetumiwa na wanaisimu kuliita kundi la lugha za eneo hili. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kiluguru ni G35, na jirani zake wa karibu ni Kikwere (G32), Kizaramo (G33), Kikami (G36), Kikutu (G37), Kividunda (G38) na Kisagara (G39). Kizigula (G31) na Kinguu (G34) viko kaskazini, na Kikaguru (G12) kiko kaskazini-magharibi pamoja na Kigogo (G11). Kiswahili kimewekwa katika kundi la G40. Namba hizi ni anwani za kijiografia zaidi kuliko nasaba, na mwanafunzi asizichukulie kuwa ni ukoo. Hata hivyo zinasaidia kuona jinsi lugha hizi zilivyopangana kutoka nyanda za juu hadi baharini. Kiluguru, kwa bahati nzuri, hakikuchelewa kuwa na mwanaisimu wake: Daniel Mkude aliandika tasnifu ya udaktari kuhusu sintaksia ya Kiluguru katika Chuo Kikuu cha London mwaka 1974. Kikaguru kilipata sarufi kamili ya Malin Petzell mwaka 2008.

Sasa turudi kinywani. Ili kutamka nt, ncha ya ulimi huziba njia ya hewa kwenye ufizi, na kizuizi hichohicho hutumika kwa n na kwa t. Tofauti ya sauti hizi mbili iko kwingine. Kwa n, kaakaa laini limeshuka na hewa inapita puani, huku nyuzi sauti zikitetemeka. Kwa t, kaakaa laini linapaswa kupanda na kuifunga njia ya pua, na nyuzi sauti zinapaswa kuachana ili mtetemo ukome. Mambo mawili, basi, yanatakiwa kutokea kwa wakati mmoja kati ya sauti mbili ambazo ulimi unaziona kuwa ni moja. Kinywa cha binadamu hakina saa sahihi kiasi hicho. Kikikosea kidogo, na kosa hilo likirithiwa na watoto wanaojifunza lugha kwa kusikia, sauti mpya huzaliwa.

Kosa linaweza kuelekea pande kadhaa. Nyuzi sauti zikichelewa kuachana, mtetemo wa n unaingia ndani ya t na kuigeuza d: ndiyo njia ya Gĩkũyũ, mũndũ. Kaakaa laini likichelewa kupanda, hewa inaendelea kupita puani hata wakati ambapo t ilipaswa kuwa imejijenga. Mlipuko wa t hausikiki, na kinachobaki ni nazali inayofuatwa na pumzi iliyotoka wakati nyuzi sauti zilipoachana. Hiyo ndiyo njia ya munhu. Kaakaa laini likipanda mapema mno, ni nazali inayokosa nafasi, na kipasuo kinabaki peke yake na pumzi yake: mtu.

Kwa mpangilio huu, pwani na bara walipata shida ileile wakaitatua kwa kutupa vitu tofauti. Waswahili walitupa nazali wakaweka kipasuo. Jirani zao wa bondeni na milimani walitupa kipasuo wakaweka nazali. Pumzi imebaki pande zote mbili, na ndiyo inayothibitisha kwamba safari ilianzia mahali pamoja. Kiluguru kimekwenda hatua moja mbele ya jirani zake, kwani katika maandishi yake neno hili hukutwa bila h: munu, wanu. Pumzi nayo imechoka. Mtu anayeshuka na Ruvu kutoka kwa Waluguru, akapita kwa Wakutu na Wazaramo, akaishia kwa Waswahili wa Bagamoyo, atasikia munu, kisha munhu, kisha mtu, na kila hatua itaeleweka kwa kuisikia iliyotangulia.

Mfano wa mtu ungekuwa peke yake, msomaji angekuwa na haki ya kutilia shaka. Lakini maneno ya ngeli ya N-N yanarudia hadithi hiyohiyo. Kigogo kinamwita tembo nhembo, na kuku nghuku. Luganda lina enkoko kwa kuku, nazali na kipasuo vyote vikiwa salama. Kisukuma husema mhola kwa maana ya salama au amani, na ukilinganisha neno hilo na kitenzi cha Kiswahili -poa, ambacho kimepoteza l yake kati ya irabu, utaona p iliyoachia nafasi yake kwa pumzi baada ya m. Kijana wa mjini anayejibu “poa” na mzee wa Usukumani anayejibu “mhola” wanatumia mzizi mmoja.

Sasa pwani. Kwa kuwa Kiswahili kiliangusha nazali mbele ya vipasuo sighuna na kubakiza pumzi, maneno ambayo zamani yalitofautiana kwa kuwa na n au kutokuwa nayo sasa yanatofautiana kwa pumzi peke yake. Paa la nyumba (wingi mapaa) halikuwa na nazali, na p yake haina mpumuo. Paa mnyama, wa ngeli ya N-N, alikuwa na nazali, na p yake ina mpumuo. Kaa la moto (wingi makaa) halina mpumuo. Kaa wa baharini anao. Charles Sacleux, padri wa Shirika la Roho Mtakatifu aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, alikuwa na sikio kali kwa mambo haya, na kamusi yake ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941, huuonyesha mpumuo kwa alama. Tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, haiuandiki. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kwa lugha iliyokusudiwa kufundishwa kuanzia Lamu hadi Kigoma, maana wazungumzaji wengi wa bara hawatofautishi paa na paa kwa pumzi. Lakini una gharama yake: mwanafunzi anayesoma maandishi tu hawezi kuona mahali nazali ilipokuwa, na sarufi inaanza kuonekana kama ina vighairi visivyo na sababu.

Chukua upatanisho wa vivumishi. Mwalimu hufundisha kwamba ngeli ya N-N huchukua kiambishi n-: nyumba ndogo, nyumba nzuri, nyumba ngumu, nyumba mbaya. Halafu hulazimika kuongeza kwamba baadhi ya vivumishi “havichukui kitu”: nyumba kubwa, fupi, chafu, kali. Orodha ya vivumishi hivyo hukaririwa. Hakuna haja. Kila kivumishi katika orodha hiyo kinaanza na konsonanti isiyoghuna: k, f, ch, p, t, s. N- ilikuwapo, ikaanguka kama ilivyoanguka katika mtu. Na mbele ya f, s na sh imeanguka vilevile. Nambari zinafuata njia hiyohiyo: nyumba mbili, nne, lakini nyumba tatu, tano. Nomino za u- pia: ubao huzaa mbao, ubavu mbavu, ulimi ndimi, lakini ukuta huzaa kuta, upande pande, ufunguo funguo, utambi tambi. Ukijua ni konsonanti gani inaanzisha shina, hutahitaji orodha.

Hata mpya, ambayo wanafunzi wenye macho makali huitumia kumbana mwalimu, ina jibu. Kwa nini tuseme nyumba mpya wakati p haighuni? Kwa sababu shina -pya lina silabi moja, na mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika mpya silabi hiyo ni m yenyewe. Nazali iliyobeba mkazo haikuweza kuanguka. Nta na nchi zimeponea hapohapo. Ukiongeza silabi, ulinzi huo hautakiwi tena: nyumba pana, nyumba kavu.

Upande wa konsonanti ghuna, nazali haikuanguka, bali ilijipatanisha na jirani yake au ikambadilisha. N- ya mbaya imekuwa m kwa sababu b hutamkwa kwa midomo. N- mbele ya l au r imezigeuza zote mbili kuwa d: ulimi, ndimi, -refu, ndefu. Huu ni usilimisho wa kawaida, nazali ikivuta kitambaza na kimadende kuelekea ukamilifu wa kizuizi chake yenyewe. Matokeo yake ni kwamba tofauti ya l na r hupotea baada ya n. Jambo hili lina mwangwi wake Morogoro. Katika orodha za lugha na maandishi ya zamani, jina la lugha ya milimani limeandikwa Luguru, Lugulu na hata Ruguru. Sauti mbili za kundi moja zikiwa katika neno moja fupi, kila mwandishi amezigawa kwa kadiri ya sikio lake. Kiswahili sanifu kimeshikilia Luguru, na hakuna sababu ya kutafuta umbo jingine katika maandishi ya kawaida.

Mabadiliko yanayoelekea upande wa pili, ambako sauti zilizofanana hutenganishwa, yanajulikana zaidi katika vitabu kwa jina la Sheria ya Dahl. Jina hilo lilitolewa na Carl Meinhof mwaka 1903, kwa heshima ya Edmund Dahl, mmisionari aliyefanya kazi Unyamwezi. Konsonanti mbili sighuna zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza hughuna. Kiswahili kina -tatu. Kisukuma na Kigogo vina -datu. Kinyarwanda kinaonyesha sheria hii ikiwa hai: ku- ya kitenzi hubaki ku- katika kugenda, lakini huwa gu- katika gukora, kwa sababu ya k inayofuata, iki- hubaki katika ikinyarwanda, lakini huwa igi- katika igitabo. Kwamba igitabo ni neno la mkopo kutoka Kiarabu huonyesha kuwa sheria haikufa zamani ikaacha masalia, bado inafanya kazi kwa maneno mapya. Jina la Gĩkũyũ lenyewe lina g ya namna hiyo. Kiswahili hakijali: kupika, kukata, kitabu na kikapu hupita bila usumbufu wowote. Luganda lina utenganisho wake mwingine, ambao hufuta kipasuo kati ya nazali mbili; ndiyo maana wingi wa olulimi ni ennimi pale ambapo Kiswahili kina ndimi. Hayo mawili yanastahili makala yao. Hapa yatosha kuonya kwamba mwanafunzi asiyaite yote “usilimisho”, kama inavyotokea, kwa kuwa mwelekeo wake ni kinyume.

Kuna kipimo kizuri cha umri wa kuanguka kwa nazali katika Kiswahili, nacho ni maneno ya mkopo. Benki, tanki, pampu, kampuni, kampeni, senti: yote yana nazali mbele ya kipasuo sighuna, na hakuna mzungumzaji anayesema *beki kwa benki au *kapuni kwa kampuni. Maneno haya yaliingia wakati sheria ilikuwa imekwisha kazi. Katika maneno ya asili, nazali iliyo mbele ya p, t au k mwanzoni mwa neno kwa kawaida ni ile ya mu- iliyopoteza irabu (mpunga, mtoto, mkono) au ile iliyookolewa na mkazo. Mfasiri anayeunda istilahi asihofu, basi, kuandika mfuatano huo katikati ya neno jipya. Kiswahili cha leo kinaubeba.

Limebaki suala la tahajia, ambalo kwa wahariri na wafasiri ndilo lenye madhara ya kila siku. Majina ya mahali ya Tanzania bara yamejaa mh, nh na ng'h. Kata ya Ng'hong'honha iko Dodoma. Mhunze iko Kishapu. Mhonda iko Turiani, kaskazini mwa Morogoro. Na kilele kirefu kuliko vyote Uluguru, chenye mita 2,630, huandikwa Kimhandu. Mhariri aliyezoea Kiswahili cha pwani huiona h hiyo kuwa ni kosa la kuchapa, akaifuta, na jina hutoka gazetini au kwenye cheti likiwa si jina tena. Kuna pia wanaoibakiza lakini huisoma kama mh ya mhariri. Hizo ni mh mbili tofauti. Katika mhariri, mhandisi na Mhindi, m ni kiambishi cha ngeli, ni silabi kamili peke yake, na h inaanza shina: m-ha-ri-ri. Katika mhola ya Kisukuma au nhembo ya Kigogo, herufi mbili huwakilisha sauti moja, nazali yenye pumzi, na zote ziko ndani ya silabi moja na irabu inayofuata: mho-la, nhe-mbo. Kwa hiyo jina la Ng'hong'honha lisikatwe mwishoni mwa mstari kati ya ng' na h, wala kati ya n na h. Msomaji wa habari ambaye hajui jina la mahali na awaulize wenyeji wanalipa silabi ngapi, kwa sababu herufi pekee hazitamwambia.

Inapokuwa neno zima la lugha jirani linanukuliwa ndani ya matini ya Kiswahili, libaki na tahajia yake: munhu liandikwe munhu, na munu la Kiluguru liandikwe munu. Kuyageuza yote mawili kuwa “muntu” kwa kisingizio cha kurudi kwenye asili, kama baadhi ya vitabu vinavyofanya, ni kuweka midomoni mwa Waluguru na Wazaramo t ambayo hawaitamki.